Mapambo ya Arusi kwa Mikono Yetu Wenyewe



Nataka kuwaeleza jinsi ya kupamba arusi bila kumaliza akiba ya nyumba. Najua wengine watacheka na kusema, "Mwanafunzi wa Kidato cha Nne ana habari gani za arusi?" Ni kweli, mimi si mzee wala sijaoa. Lakini katika likizo ya mwezi wa Juni nilifanya kazi hii kwa mikono yangu, na nadhani niliyojifunza yatawafaa wazazi na wenzangu.

Nianze na hasara, maana ndiyo iliyotufundisha. Nyumbani kwetu ni kijijini, katika wilaya ya Kibondo. Miaka mitatu iliyopita kaka yangu alioa. Kamati ya arusi ilikaa ikaamua kwamba lazima mapambo yakodiwe mjini: vitambaa vya kung'aa, maputo, maua ya plastiki, na viti vilivyovikwa nguo. Pamoja na gari, gharama ilikuwa shilingi 650,000. Michango haikutosha. Baba akauza maharage, hata yale ya mbegu. Sherehe ikafana Jumamosi. Jumapili asubuhi wenye mapambo wakaja, wakafungua kila kitu, wakapakia na kuondoka. Hawakutukosea hata kidogo. Walifanya kazi waliyolipwa. Kosa lilikuwa letu. Mvua zilipoanza hatukuwa na mbegu, ikabidi baba akope gunia moja kwa ahadi ya kurudisha mawili. Deni hilo tulilimaliza baada ya mavuno mawili.

Mwaka huu ikawa zamu ya dada. Mchumba wake ni mtu wa Kasulu. Basi kulikuwa na sherehe mbili: ya kumuaga bibi arusi kwetu Kibondo, na ya arusi yenyewe huko Kasulu. Kamati ilipokaa, shangazi alitaka tukodi tena. Alisema, "Watu wa Kasulu wakija wakakuta miti mitupu, watasema binti yetu tumemtoa kichakani." Watu wengi wakaitikia. Baba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Dada yangu, watu watasema mwezi huu. Ghala litasema Oktoba." Dada mwenyewe akasema hataki arusi yake iwalaze njaa wadogo zake. Ndipo nikasimama, nikaomba tupewe wiki mbili tujaribu kutengeneza mapambo wenyewe. Shangazi alinitazama kama mtu anayetazama wingu la kiangazi, lakini alikubali.

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, yafaa tukumbuke jambo moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, wanaooana wawe wamekubali kwa hiari yao, na wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Hakuna kifungu kinachotaka maputo. Mapambo ni heshima tunayowapa maharusi na wageni, na heshima haipimwi kwa fedha.

Sasa tutazame mali tuliyo nayo. Wilaya zetu ziko katika nyanda za juu za Kigoma. Migomba iko karibu na kila nyumba. Misitu ya miombo ina nyuki, na palipo na asali pana nta. Upande wa Malagarasi na Muyovozi kuna ardhi oevu kubwa, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza Tanzania kuandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Huko kuna mafunjo na matete. Vitenge vinauzwa kila gulio, na kila fundi cherehani ana rundo la vipande anavyovitupa. Mambo haya tunayaona kila siku, na kwa sababu hiyo hatuyaoni.

Kwanza tulitengeneza gundi. Chukua vijiko vikubwa vitano vya unga wa muhogo, ukoroge katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Kisha mimina polepole katika kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, huku unakoroga. Chembe za wanga hunywa maji na kuvimba joto linapopita nyuzi 60 hivi, ndipo uji unapokuwa mzito na wenye kunata. Usitie unga moja kwa moja katika maji ya moto, utapata mabonge. Tena usipike nyingi, maana ikilala siku mbili huchacha na kunuka.

Pili, vibendera vya kitenge. Tulikata kiolezo cha pembetatu kwa boksi la kadi, kitako sentimita 20 na kimo sentimita 25. Mwenye kukata ovyo hupoteza kitambaa kingi. Lakini ukigeuza kiolezo, kimoja kikitazama juu na kinachofuata kikitazama chini, utepe wa urefu wa mita moja hutoa vibendera tisa, wala si vitano. Hapo ndipo nilipoona faida ya jiometria. Kila kibendera huchukua sentimita 20 za kamba, na ukiacha nafasi ya sentimita 5, mita moja hubeba vinne. Sisi tulitaka mita 30, kwa hiyo tulishona vibendera 120 juu ya kamba ya katani. Fundi mmoja alitupa vipande vyake bure, akafurahi kupunguziwa takataka.

Tatu, maua ya karatasi. Panga karatasi laini za rangi, sita pamoja, kila moja sentimita 20 kwa 30. Zikunje mbele na nyuma kama kipepeo cha mkono, kila kunjo upana wa sentimita mbili. Funga katikati kwa uzi, kata ncha ziwe mviringo, kisha nyanyua karatasi moja moja kuelekea katikati. Baada ya kutengeneza matano ya kwanza vibaya, la sita litakuwa ua.

Ili maua yasilegezwe na umande, tuliyachovya ncha zake katika nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Hapa pana hatari, basi sikilizeni vizuri. Msiweke kopo la nta juu ya moto wenyewe, kwa sababu nta ikipata joto kupita kiasi huwaka. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na maji hayapiti nyuzi 100. Kwetu huku juu huchemka hata kabla ya kufika hapo. Hivyo nta itayeyuka bila kuungua. Watoto wadogo wasikaribie.

Nne, taa. Tulikusanya makopo matupu 24. Tulijaza kila kopo mchanga wenye unyevu na kuushindilia, kisha tukatoboa matundu kwa msumari kufuata mchoro wa nyota na majani. Mchanga huzuia kopo lisibonyee. Ukimaliza, mwaga mchanga, ubakize kidogo chini ili mshumaa usimame. Taa hizi zikae chini, mbali na mikeka, makuti na nguo za watu, na awepo mtu mmoja wa kuzilinda mpaka mwisho.

Tano, mahali pa maharusi. Hapa mshauri wetu alikuwa bibi. Alisema, "Mjukuu wangu, mimi niliolewa bila kitambaa cha kung'aa. Zawadi zilikuja katika vikapu vyenye vifuniko, vimebebwa kichwani, na vikapu hivyo ndivyo vilivyokuwa pambo." Akafungua chumba chake, akatoa mikeka minne na vikapu saba alivyovisuka mwenyewe. Tuliitundika mikeka nyuma ya viti vya maharusi, tukaning'iniza maua juu yake, na vikapu tukavipanga pembeni. Kwenye lango tulisimamisha migomba miwili. Tulichagua ile iliyokwisha kuzaa, kwa kuwa mgomba huzaa mara moja tu na mkulima huukata hata hivyo. Atakayekata mgomba mchanga kwa ajili ya pambo amekula mkungu wa mwakani.

Kwenye meza tuliweka matawi ya bogenvilia katika chupa za maji. Ile sehemu yenye rangi siyo ua hasa, bali ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude kidogo cheupe kilicho katikati. Ndiyo sababu hata yakikauka hubaki na rangi kwa siku kadhaa.

Sasa sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Usiku wa kuamkia sherehe tulitundika minyororo ya karatasi iliyokatwa katika madaftari ya zamani, ambayo hatukuitia nta. Asubuhi tuliikuta imelegea na mingine imekatika, kwa maana mwezi wa Juni usiku wa kwetu ni wa baridi na umande. Jambo la pili, mbuzi wa jirani alikula majani ya mgomba mmoja wa langoni mpaka ukabaki kama nguzo. Shangazi alipoliona lango aliguna. Tulikimbia shambani tukaleta mgomba mwingine, na minyororo tukaiacha kabisa. Basi mwenye kutufuata ajue: vitu vya karatasi vitundikwe asubuhi, na mbuzi wafungwe.

Wageni walipofika, wengi walisimama langoni wakitazama. Mzee mmoja kutoka Kasulu aliugusa mkeka, akauliza umesukwa na nani. Bibi akainuka akasema, "Ni mimi." Nadhani hakuna pambo la kukodi ambalo mtu angeweza kulijibia hivyo. Usiku taa za makopo zilipowashwa, nyota zikaonekana ardhini, na shangazi akaniambia polepole, "Mwanangu, hata mimi ungenifundisha." Nilijibu kwamba nitamfundisha, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kulipwa.

Kesho yake hakuna aliyekuja kutudai vitu vyake. Tuliviringisha vibendera kwenye kijiti, tukayapanga maua ndani ya vikapu, mikeka tukaikunja, na yote yakapanda gari moja na bibi arusi mpaka Kasulu. Huko watu wa bwana arusi walisimamisha migomba yao, wakatundika vibendera vyetu. Hivyo kazi moja ilipamba sherehe mbili. Sasa vibendera viko kwa jirani yetu, ambaye mwanawe ataoa mwezi wa Desemba.

Gharama yetu ni hii: karatasi za rangi shilingi 15,000, uzi na kamba 9,000, nta 8,000, mishumaa 6,000, sindano na misumari 3,500. Jumla ni shilingi 41,500. Unga wa muhogo ulitoka jikoni kwa mama.

Lakini faida kubwa siyo fedha, wala sikuitazamia. Katika kijiji chetu yuko mama mmoja mjane. Arusi ya kaka hakuja, ingawa nyumba yake ni hatua chache kutoka kwetu, kwa sababu hakuwa na fedha za mchango na aliona haya kula pilau asiyoichangia. Safari hii alisikia kwamba tunatafuta mikono, akaja na sindano yake. Alishona vibendera 40, jioni kwa jioni, na alituimbia tulipochoka. Siku ya sherehe aliketi mbele kabisa, amevaa kitenge chake kizuri, na wageni walipovisifu vibendera alicheka kama mwenye arusi. Mchango wa fedha huwaita wenye fedha. Mchango wa kazi huwaita watu wote.

Mimi sisemi kwamba kukodi mapambo ni vibaya. Mwenye uwezo na akodi, maana wapambaji nao wana watoto wa kulisha. Nasema tu kwamba asiyekuwa na uwezo asiuze mbegu ili apendeze siku moja. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tukiunda, vyetu pia vitaelea.

Wazazi wetu, msituonee haya kutupa kazi hizi wakati wa likizo. Hesabu, fizikia na biolojia tunazofundishwa darasani zina mahali pa kutumika nyumbani. Na ninyi wanafunzi wenzangu, likizo ijayo mkisikia kuna arusi, msingoje pilau tu. Ulizeni kama kuna kibendera cha kushona.

Ninapoandika haya, gunia la mbegu za maharage bado liko ghalani kwetu, limefungwa vizuri kwa kamba ya katani iliyobaki arusini. Mvua zikianza, tutapanda.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne