Ukivuta tela zito, tazama magurudumu ya mbele

Familia nyingi za kwetu hapa Marekani sasa zinanunua matela. Mmoja anakata majani ya watu siku za Jumamosi na ana mashine za kubeba. Mwingine amepata kazi jimbo jingine na hataki kuacha vitanda na friji. Tela la mtumba si ghali sana, pikapu au gari kubwa la familia lipo, na mara nyingi nyuma yake tayari kuna tundu la kufungia tufe la chuma la kuvutia. Mtu anaunganisha, anapakia, anaondoka na watoto ndani.

Kwa tela dogo lenye mzigo mwepesi, hilo laweza kutosha. Tela likiwa zito, gari linainama nyuma, na wengi hushughulika na pale palipoinama: wanaongeza upepo kwenye tairi za nyuma, wanasema basi. Hatari kubwa iko upande wa pili.

Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye gunia la mkaa nyuma anaijua. Ukianza kupanda kilima, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, unakata kona na baiskeli haikusikilizi. Gari nalo ni hivyohivyo. Tela linakandamiza nyuma, mbele kunanyanyuka kidogo, na magurudumu ya mbele hayashiki barabara kama kawaida. Hayo ndiyo yanayogeuza gari, na breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Usiku taa zako zinamulika juu, machoni mwa wanaokuja.

Kifaa cha kurekebisha hali hiyo ni kiunganishi cha kugawa uzito. Kwenye boksi dukani kimeandikwa weight distribution hitch. Onyesha maneno hayo kama muuzaji hakuelewi. Kina kichwa kizito cha chuma kinachobeba tufe, na vyuma viwili virefu vya springi vinavyotoka kwenye kichwa hicho na kulala chini ya shingo ya tela. Fikiria toroli: ukinyanyua mikono yake, uzito unasogea kwenye gurudumu lililo mbele. Vyuma hivi ndivyo mikono ya toroli. Vikikazwa, sehemu ya uzito uliokuwa nyuma ya gari inasukumwa hadi magurudumu ya mbele, na sehemu nyingine inarudi kwenye magurudumu ya tela.

Lakini kifaa hiki hakiongezi nguvu za gari, na hapa wauzaji wengine huzungusha maneno. Kama kitabu cha gari lako kinasema mwisho ni pauni 5,000, yaani kama kilo 2,270, mwisho ni huohuo. Yapo hata magari ambayo kitabu chake kinakataza kifaa hiki kabisa, kwa hiyo soma kwanza. Kisha fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye fremu yake. Kinataja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja, na uzito ambao shingo ya tela inalikandamiza gari unahesabiwa humo. Kwa familia kubwa, hesabu hii inabana haraka. Tuseme kibandiko kinaruhusu pauni 1,400. Watu saba wanachukua 900, shingo ya tela inachukua 550. Umeshapita, na hata begi moja hujaweka.

Shingo ya tela inatakiwa kubeba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Tela la pauni 5,000 likandamize pauni 500 hadi 750. Likikandamiza pungufu ya hapo, ndipo linapoanza kuyumba kushoto na kulia, na kifaa hiki hakiponyi upakiaji mbaya. Weka kama asilimia 60 ya mzigo nusu ya mbele ya tela, vitu vizito chini, na ufunge kila kitu. Mizani ya malori, kwenye vituo vikubwa vya mafuta vya barabara kuu, inapima gari dogo pia kwa malipo madogo. Pima gari peke yake, kisha pima gari likiwa limeunganishwa na tela lililo nje ya mizani. Tofauti ya vipimo viwili ni uzito wa shingo. Nunua kiunganishi ambacho vyuma vyake vinalingana na uzito huo, kwa sababu vyuma vikali mno vinalitesa tela na vilivyo laini mno havifanyi kitu. Tazama pia kibandiko cha tundu la nyuma ya gari, maana nalo lina kikomo chake.

Kufunga kwenyewe kunataka mahali tambarare na tela lililopakiwa kama siku ya safari. Tela liwe limelala sawasawa, mbele na nyuma. Pima toka ardhini hadi pale tufe linapoingia, halafu panga kichwa ili tufe liwe kwenye kimo ambacho maelekezo yanataka. Kwa kawaida ni juu kidogo ya kipimo hicho, kwa sababu gari litashuka likibeba. Ukubwa wa tufe ulingane na ulioandikwa kwenye shingo ya tela. Tufe la inchi 2 linaweza kuingia kwenye kikombe cha inchi 2 na 5/16, likaonekana limeshika, kisha likachomoka barabarani. Nati ya tufe inataka kukazwa kwa nguvu kubwa kuliko spana ya nyumbani. Mlipe fundi kwa hiyo moja, hata kama mengine unafanya mwenyewe.

Sasa chukua tepu ya kupimia, maana bila tepu unabahatisha. Kabla ya kuunganisha, pima toka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, juu kabisa ya tairi, na uandike. Tuseme ni sentimita 94. Unganisha tela bila vyuma vya springi, pima tena palepale: 98. Mbele kumenyanyuka sentimita 4. Funga vyuma, pima mara ya tatu. Magari mengi yanataka angalau nusu ya kilichonyanyuka irudi, yaani ufike 96 au chini yake. Mengine yanataka irudi yote, na kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Usishuke chini ya 94. Ukishuka, umeondoa uzito mwingi mno nyuma, na gari linaweza kuteleza nyuma kwenye mvua au theluji. Ikiwa bado uko juu, ongeza mkazo: vyuma vyenye minyororo vinafupishwa pete moja, na aina nyingine unaongeza washa ili kichwa kiiname zaidi. Kisha pima tena.

Vyuma vikiwa vimekazwa vina nguvu ya kuvunja mkono. Shingo ikishalishika tufe, inua kwa jeki ya tela, na nyuma ya gari ipande pamoja nayo (isipopanda, kiungo hakijafunga). Hapo vyuma vinalegea na unavipandisha kwa wenzo uliokuja na kifaa, uso ukiwa pembeni, watoto wakiwa mbali. Kuvifungua ni vilevile: jeki kwanza.

Usimwachie mtoto wa shule kukutafsiria kitabu cha maelekezo peke yake. Kiingereza chake kinaweza kuwa kizuri na bado asijue tofauti ya uzito wa gari tupu na uzito wa gari lililopakiwa. Kipige picha umletee mtu mzima anayejua magari. Na kama tela ni la kukodi, uliza kampuni kwanza, kwani nyingi hazikubali ufunge kifaa hiki kwenye tela lao.

Kabla ya kutoka, pitisha minyororo ya usalama chini ya shingo ikiwa imekingamana kama herufi X. Funga waya wa breki za dharura kama tela linao, jaribu taa zote, tazama upepo wa tairi. Majimbo mengi yanadai tela liwe na breki zake likipita uzito fulani, mara nyingi pauni 3,000, kwa hiyo ulizia sheria ya jimbo lako na ya kila jimbo utakalopita.

Tela likianza kuyumba barabarani, mguu utaenda kwenye breki wenyewe. Uzuie. Shika usukani uwe wima, achia mafuta polepole, na kama una swichi ya mkono ya breki za tela, ibonyeze. Usiongeze mwendo, usijaribu kulinyoosha tela kwa usukani. Likitulia, toka barabarani upange mzigo upya.

Baada ya maili 50 za kwanza, simama mahali salama na ukaze nati zote tena, kwa sababu chuma kipya hujikalia kikishatembea.