Jicho Kwanza, Mkono Baadaye

Msimu wa maembe ukifika, matenga hushushwa sokoni Temeke Stereo, Dar es Salaam, na mnunuzi mzoefu hana kifaa zaidi ya vidole na pua yake. Hubonyeza, hunusa penye kikonyo, hutazama kama mabega ya tunda yamejaa. Akikosea, amebeba embe changa. Atalivundika, ganda litasinyaa, ndani litakuwa chachu, na mteja hatarudi.

Tofauti ya embe changa na lililokomaa iko kwenye wanga. Embe likiwa mtini hujiwekea wanga, na likishachumwa wanga huo hugeuka sukari. Lililotunguliwa mapema halina akiba ya kutosha ya kugeuza, hata ulivundike kwa ufundi wa namna gani. Wakulima wa Australia hupima akiba hiyo kwa kuangalia kinachobaki nyama ya embe ikishakaushwa. Kwa aina yao maarufu, Kensington Pride, kiwango kinachopendekezwa kabla ya kuvuna ni 15%, yaani gramu 15 za ukavu katika kila gramu 100 za nyama.

Awali ilibidi tunda likatwe na kuingizwa kwenye oveni. Siku hizi kipo kifaa cha kushika mkononi kinachopima embe likiwa bado linaning'inia. Hulimulika kwa mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Mwanga huo hupenya ganda kama tochi inavyopenya kiganja gizani, huzunguka ndani ya nyama, kisha sehemu yake hurudi. Maji humeza mawimbi fulani, wanga na sukari humeza mengine. Kifaa husoma kilichopungua na kukadiria ukavu. Kazi ya sekunde chache, na tunda halibaki na hata mkwaruzo.

Najua wengi wakisikia habari za mashine shambani huwazia roboti inayochuma. Ipo, na historia yake inafundisha. Mwaka 2019 kampuni ya Kimarekani ya Abundant Robotics ilipeleka New Zealand mashine iliyovuna matufaha ya biashara kwa kuyafyonza kwa bomba, ikiongozwa na kamera. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilifunga shughuli. Hata huko ambako vibarua ni adimu na ghali, mkono wa mashine bado haujapata riziki ya uhakika. Tena mitufaha ile imefungwa kwenye nyaya, matawi yamelazwa, matunda yako wazi. Mwembe dodo wa Mbweni au Toangoma umeipita nyumba kwa urefu na kuficha matunda katikati ya majani. Pale kijana mwenye ngoe na kikapu ataishinda roboti yoyote, mradi asiliangushe tunda wala kuvunja kikonyo mpaka utomvu uunguze ganda. Tunachokosa ni taarifa, mikono tunayo.

Chukua nzi wa matunda. Mwaka 2003 aligunduliwa Afrika Mashariki nzi mgeni mwenye asili ya Asia, ambaye wanasayansi sasa humwita Bactrocera dorsalis. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani. Kitobo ni kidogo mno, mwenye embe hugundua funza akiwa keshaling'ata. Madume huvutwa na methili yujenoli, kemikali inayopatikana pia katika baadhi ya mimea ya jamii ya mrehani, na ndiyo chambo kinachowekwa mtegoni. Ukihesabu walionaswa kila wiki unajua mashambulizi yanapanda au yanashuka, hivyo hupulizi dawa kwa kubahatisha. Katika nchi nyingine kamera ndogo imewekwa ndani ya mtego, inapiga picha na kuituma kwa simu. Bunju au Chamazi mtandao wa simu upo, na sioni sababu ya kifaa hicho kutofaa huko. Ila hakuna kamera itakayookota maembe yaliyodondoka, na humo ndimo funza hutoka kwenda kujificha udongoni.

Kutumia kamera kumtambua adui wa mazao si jambo geni kwetu. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, IITA, yenye ofisi Mikocheni, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo, kwa picha 2,756 za majani zilizopigwa nje ya mji wa Bagamoyo. Matokeo yalichapishwa 2017: usahihi wa 93%. Hapo ndipo ilipotoka Nuru, programu ya simu inayotumia Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba usahihi unashuka sana dalili zinapokuwa hafifu, na hizo ndizo mkulima anazohitaji kuziona mapema.

Funzo hilo, kwamba mashine huaminika pale tu ilipozoeshwa na kupimwa, linagusa embe pia. Kifaa cha mwanga kilichozoeshwa Kensington Pride hakiwezi kuaminiwa kwa aina zetu kama dodo au bolibo mpaka kizoeshwe upya: mamia ya matunda yamulikwe, yakatwe, yakaushwe, yapimwe uzito, msimu baada ya msimu. Hiyo ni kazi ya oveni, mizani na kisu, vitu ambavyo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) na Chuo Kikuu cha Sokoine wanavyo. Waanze na dodo.