Uingereza kwa Miguu: Vilima, Pwani na Vijiji

Anayeijua Uingereza kwa London peke yake bado hajaiona nchi. England na Wales zina njia za miguu za umma zenye urefu wa zaidi ya kilomita 200,000, na nyingi hukatiza katikati ya mashamba ya watu. Mwenye shamba hawezi kumfukuza anayepita, kwa kuwa sheria inampa mpitaji haki ya kupita. Mpita njia naye hatakiwi kuacha wazi geti alilolikuta limefungwa, mifugo isije ikatoroka.

Kaskazini-magharibi mwa England iko Lake District, nchi ya maziwa na milima, iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017. Humo umo Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya England, wenye mita 978. Kwa aliyezoea kuutazama Kilimanjaro hicho ni kilima tu, lakini asiudharau: ukungu hushuka ghafla na kuficha njia. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji hupanda hadi juu miteremkoni. Kondoo wa Herdwick hula majani huko juu pasipo uzio, maana kila mwanakondoo hujifunza kwa mama yake mipaka ya malisho yao.

Kusini-magharibi, South West Coast Path huambaa na bahari kwa kilomita 1,014, kutoka Minehead hadi Poole Harbour. Zamani walinzi wa pwani waliitumia kuwasaka wafanya magendo, na iliwabidi wachungulie kila ghuba. Ndiyo sababu mpaka leo njia hushuka hadi ufukweni na kupanda tena, ikipita vijiji vya wavuvi kama Polperro na magofu ya migodi ya bati ya Botallack juu ya magenge. Wales nayo ilifungua mwaka 2012 njia ya kilomita 1,400 inayofuata pwani yake yote.

Apendaye vijiji aende Cotswolds, kwenye nyumba za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Makanisa makubwa ya huko yalijengwa kwa utajiri wa biashara ya sufu katika Zama za Kati.

Uhuru huu wa kutembea haukuja wenyewe. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda Kinder Scout, mlima uliofungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Kiongozi wao, Benny Rothman, na wenzake wanne walifungwa jela. Hata hivyo madai yao hayakuzimika. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 Peak District, ulipo mlima huohuo, ikawa hifadhi ya kwanza. Sheria ya mwaka 2000 ikaongeza haki ya kutembea kwa miguu katika milima na nyika nyingi, hata nje ya njia.

Ndugu msomaji unayeishi huko au unayekwenda kutembea, chukua viatu imara, koti la mvua na ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, kisha ufuate mishale ya manjano inayoonyesha njia. Hifadhi za taifa hazina kiingilio. Waliokwenda jela kwa ajili ya uhuru huu walitaka iwe hivyo kwa kila mtu, na mgeni naye yumo.