Lori la Vita na Ushahidi wa Vipuri Vyake

Pengine msomaji atastaajabu kuona safu hii, ambayo aghalabu hushughulika na bei ya karafuu, maji na barabara za mashamba, leo imeshika kalamu kuzungumzia vipuri vya malori ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Lakini kila aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la bohari, chuma kilichovunjika mkononi, akamsikia mtunza bohari akimwuliza, "Hiki cha gari gani, na la mwaka gani?", atatambua kwamba habari hii si ngeni kwetu.

Huko Ulaya na Marekani wako watu ambao hutumia miaka mingi ya umri wao kulirejesha lori moja tu katika hali liliyokuwa nayo wakati wa vita. Kila mwezi wa Juni magari mengi ya namna hiyo hukusanyika Normandy, nchini Ufaransa, kukumbuka kuteremka kwa majeshi ya Washirika mwaka 1944. Mtazamaji akishaona rangi ya kijani na nyota nyeupe huridhika, akaenda zake. Mwenye gari haridhiki. Yeye bado anajiuliza kama ile bolti ya bampa ndiyo yenyewe.

Tuchukue mfano wa lori la GMC aina ya CCKW, la tani mbili na nusu, ambalo ekseli zake zote tatu huvuta. Baina ya mwaka 1941 na 1945 yalitengenezwa malori zaidi ya 500,000 ya aina hiyo. Mtu angedhani kuwa chombo kilichotolewa kwa wingi kiasi hicho hapana budi kiwe na sura moja. Sivyo hata kidogo. Malori ya mwanzo yalikuwa na chumba cha dereva cha chuma kitupu. Baadaye paa na milango ikawa ya turubai, kwa kuwa chuma kilihitajika kwingine na nafasi melini ilikuwa haba. Bodi ya nyuma nayo ilikuwa ya chuma, ikaja ikawa ya mbao, kisha ikawa mchanganyiko wa vyote viwili. Na ekseli ndizo zinazowatesa watu zaidi. Baadhi zilikuwa za General Motors wenyewe, na mafundi huziita banjo kwa sababu nyumba ya difu imeviringana mfano wa ala ile ya muziki. Nyingine zilitoka kampuni ya Timken, na nyumba ya difu yake ni mapande mawili yaliyofungwa pamoja kwa bolti. Malori mawili yamesimama ubavu kwa ubavu, jina moja, kiwango kimoja cha mzigo, na bado hayawezi kuazimana difu.

Basi mtafiti huanzia wapi? Huanzia kwenye namba. Namba ya gari imepigwa kwenye shasi, na kibao kilichomo katika chumba cha dereva hutaja aina, namba na tarehe gari lilipokabidhiwa jeshini. Akishaijua namba ndipo anapofungua kitabu cha vipuri. Jeshi la Marekani liliyaandikisha malori haya kwa alama ya G-508, kama Jeep zilivyokuwa G-503, na ndani ya orodha hizo kipuri hupewa namba ya kiwanda na namba ya jeshi, na palipobadilika kitu huelezwa mabadiliko yalianzia gari la namba ngapi. Lakini kitabu nacho kina umri wake. Ilipofika Agosti 1942 dhamana ya magari ilihamishwa kutoka idara ya ugavi ikapelekwa idara ya silaha na zana; ndiyo maana vitabu vya zamani huanza na herufi TM na namba 10, na vilivyofuata huanza na TM na namba 9. Anayelitengeneza lori la mwanzoni mwa 1942 kwa kufuata kitabu cha 1944 atalivisha nguo za mdogo wake.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tulifunzwa kuwa maneno hayapokewi kwa utamu wake; huulizwa kwanza nani kayasema, na yeye kayapokea kwa nani. Watafiti hawa, ambao wengi wao hawajapata kulisikia neno sanad, wanafuata kanuni hiyo hiyo. Kipuri kilichotoka ndani ya kasha lake la vita, na namba yake imeandikwa juu, kina mapokezi madhubuti. Kilichofunguliwa kwenye lori jingine kina mapokezi dhaifu, maana lori hilo nalo limepita mikononi mwa wengi. Ama kile kinachosifiwa na muuzaji kwa kuwa "kinaingia", hicho hakina shahidi yeyote.

Hata bolti hutoa ushahidi. Katika Jeep za Ford, vipuri vilipigwa herufi F, mpaka vichwa vya bolti. Bolti ya Kiingereza ya zamani ilikatwa hesi kwa pembe ya digrii 55, na ya Kimarekani kwa digrii 60, hata nati ya huyu haikubali bolti ya yule. Taabu hiyo iliwasumbua sana Washirika vitani, na ilikuwa mwaka 1948 ndipo Marekani, Uingereza na Kanada walipoafikiana kipimo kimoja. Kwa hiyo bolti ya milimita katika lori la 1943 imejishitaki yenyewe.

Tatizo kubwa ni kwamba vita vyenyewe viliyabadilisha magari. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944 msafara ulioitwa Red Ball Express ulipeleka petroli, risasi na chakula kwa majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele Ufaransa, na kiasi cha robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani Weusi. Malori yalipakiwa kupita kipimo, yakaendeshwa usiku na mchana. Lililokufa injini halikungoja iletwe ya namba yake. Lilifungwa iliyopatikana, likarudi njiani. Je, la asili ni lipi, injini ya kiwandani au ile ya njiani? Wako wanaoshikilia kiwanda. Sisi tunaona kiraka alichokichomea askari fundi mwaka 1944 ni sehemu ya lori, na anayekiondoa ili aweke bati zima amemnyima fundi yule haki yake.

Ndiyo maana tunawastahi zaidi wale wanaoshika msasa kwa subira. Ubavuni mwa boneti iliandikwa namba ya usajili ya jeshi, hapo mwanzo kwa rangi ya buluu iliyofifia, baadaye kwa nyeupe. Rangi za miaka iliyofuata zilipakwa juu yake. Fundi mwenye haraka hupuliza mchanga kwa mashine, na baada ya saa moja chuma kinang'aa na hakuna tena wa kuulizwa. Mwenye subira husugua kwa maji, tabaka baada ya tabaka, hata tarakimu zikaanza kutokeza. Akishaipata namba anaweza kwenda kuitafuta katika picha za wapigapicha wa jeshi, ambazo nyingi zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani huko College Park, Maryland.

Wapo pia wanaonunua kibao kipya kilichoigizwa na kujipigia tarehe waipendayo. Huo kwetu ni ushahidi wa uongo. Atakayekuja kusoma kibao hicho miaka hamsini ijayo hatakuwa na wa kumwambia. Lakini mtu asidhani kuwa kila cha asili kirejeshwe: breki za zama zile zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huua, na tairi la umri wa miaka themanini halifai kupandiwa na mwana wa mtu.

Sisi wenyewe tunaijua hasara ya kukosa ushahidi. Mtepe ulipojengwa mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, mafundi walilazimika kutegemea vielelezo na picha za zamani, kwani mtepe wenyewe ulikwisha kupotea baharini mwetu. Na miaka ya nyuma, katika idara moja ambayo jina lake tunalihifadhi, daftari za bohari zilichomwa moto siku ya kuhamia jengo jipya, ati zimejaa vumbi. Haukupita mwaka, lori la idara likavunjika giaboksi. Hapakuwa na namba ya kuagizia, likaagizwa kwa kukisia, kwa fedha za wananchi. Lilipofika halikuingia. Tulipopita hapo mara ya mwisho lilikuwa uani, limeegemezwa mlango wa banda la kuku.