Kola ya Ndovu Katika Mtandao wa Jirani

Chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru kuna kivuko kilichojengwa mahususi kwa ndovu. Tangu 2011 wanapita humo wakitoka hifadhi ya Lewa na msitu wa Ngare Ndare kuelekea Mlima Kenya, malori yakinguruma juu yao. Wakishafika mlimani, msitu unawachukua hadi Irangi, kaunti ya Embu.

Mitandao haiendi mbali hivyo. Tuseme ndovu amevishwa kola ya LoRaWAN, redio inayotuma ujumbe mfupi mno kwa umeme kidogo mno, hivi kwamba betri hudumu miaka. Upande wa Embu, miinuko na mabonde humkinga na antena za Meru. Huenda papo hapo pana antena ya mradi mwingine, wa kupima unyevu wa udongo katika mashamba ya chai. Je, itamfaa?

Simu ikivuka Namanga huomba kwanza kupokewa na mtandao wa Tanzania. Kola haimwombi mtu. Hurusha ujumbe hewani kwenye masafa ya megahezi 868, na kila antena iliyo karibu huusikia. Seva ya mwenyeji, yaani mwenye antena hiyo, hutazama anwani ya kifaa, ambayo mwanzo wake hutambulisha mtandao wa nyumbani, kisha huupeleka huko iwapo pana mapatano. Yaliyomo haiyaoni, ufunguo anao mwenye kola. LoRa Alliance, muungano unaosimamia LoRaWAN, iliuchapisha utaratibu huu 2017.

Kwa hiyo redio si tatizo. Tatizo ni nambari! Mtandao unaotaka kupokewa na wengine huhitaji nambari yake ya kuonekana mwanzoni mwa anwani hiyo, inayotolewa na LoRa Alliance kwa wanachama. Miradi midogo hutumia 0 au 1, zilizotengewa mitandao ya binafsi na majaribio. ChirpStack, programu ya bure ya seva za LoRaWAN, huja na 0 tayari. Seva ya Embu ikikuta 0, impelekee nani?

Kasoro hiyo haimsumbui anayepima kina cha mto, kama walivyofanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kwa LoRaWAN. Mto hauhami.

Hata nambari ikipatikana, linabaki suala la majibu yanayorudishwa kwa kola. Antena ya kawaida ya LoRaWAN haisikii inapotuma: ikiijibu kola ya mgeni, ujumbe wa vipima udongo vya mwenyeji unaofika sekunde hiyo hupotea. Mapatano ya maana hutaja majibu mangapi mgeni anaruhusiwa kwa siku.