Presha haina sura, ina namba!

Wiki hii mapenzi tunayaweka kando kidogo, tuongelee presha. Najua kijana wa mjini utasema, "Aa, huo ugonjwa wa wazee!" Ngoja kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania ana presha ya kupanda. Na wengi hawajijui, maana presha haipigi hodi.

Huku kwetu Titye, Kasulu, kijana akitoka Dar anamletea mama mashine ya kupimia presha. Zawadi bomba! Kasheshe ni kuzisoma zile namba. Shangazi yangu alikuta 128/80, akapiga vigelegele, "Nimepona!" Vidonge akavitupia juu ya kabati. Wiki ya tatu mashine ikasoma 172/104. Shangazi, ile 128 ilikuwa kazi ya vidonge! Bahati aliwahi zahanati, akarudishiwa dawa. Hivi si kama vya malaria, kwamba unamaliza dozi unasahau. Usiache bila kuambiwa na daktari.

Sasa namba zenyewe. Ya juu ni moyo unaposukuma damu, ya chini ni moyo unapopumzika. Chini ya 120/80, safi kabisa. Nyumbani, wastani ukifika 135/85, hiyo iko juu. Hospitali wanahesabu kuanzia 140/90, maana wengi wakimwona daktari tu moyo unawaenda mbio. Hata namba moja ikivuka, imevuka.

Ukikuta 180/120, tulia dakika 5, upime tena. Ikigoma kushuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama kifua kinauma, pumzi inabana, mdomo umepinda au mkono umelegea, usisubiri hata dakika hizo 5. Tafuta usafiri!

Na kupima kuna taratibu zake. Usipime ndo kwanza umetoka kupandisha mlima na gunia la maharage. Kojoa kwanza, kahawa na sigara ziache nusu saa kabla. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono mezani usawa wa moyo. Najua huku kwetu baridi, lakini mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Pima mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, kwa siku 7. Za siku ya kwanza ziache, zilizobaki tafuta wastani. Andika kwenye daftari, daktari ataliona.

Halafu chumvi. Uvinza ni majirani zetu, chumvi yao tamu, ila Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu mboga yote.

Kwa hiyo mshikaji, ukimnunulia mama mashine, mfundishe na namba. Ukishamfunga yeye mkanda, jifunge na wewe. Tukutane wiki ijayo!