Hewa ya Mwanza na Mbio za Baiskeli Uwanjani

Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha michezo. Hubeba samaki, mkaa, madumu ya maji na abiria, na barabara itokayo Mwanza kupitia Usagara kuelekea Shinyanga haikosi waendeshaji tangu alfajiri. Si ajabu basi kwamba mashindano makubwa ya baiskeli yamewahi kufanyika huko. Hayo yalikuwa ya barabarani. Mbio za uwanjani, ambazo katika nchi nyingine zina ubingwa wake wa taifa, bado hazijapata uwanja maalumu nchini Tanzania.

Endapo ubingwa huo utaandaliwa, swali la kwanza litakuwa mahali: Dar es Salaam au Mwanza? Swali hilo si la nauli tu; ni la fizikia.

Mshindani wa kwanza wa mwendeshaji ni hewa. Akienda kilometa 40 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu za miguu yake hutumika kuisukuma hewa iliyo mbele. Msuguano wa tairi na mnyororo huchukua kiasi kidogo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendokasi, na nguvu ya kuushinda hukua kwa mchemraba wake, hivyo atakaye mwendo maradufu hudaiwa nguvu mara 8. Ndiyo maana katika mbio za timu waendeshaji wanne hufuatana gurudumu kwa gurudumu wakipokezana uongozi. Aliye nyuma huokoa karibu theluthi ya nguvu zake.

Ukinzani hutegemea pia uzito wa hewa yenyewe. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu yake. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar es Salaam, siku ya joto la kawaida, ina karibu kilo 1.17, ya Mwanza ina karibu kilo 1.04. Upungufu ni asilimia 11. Mwanafunzi atakayetafuta kipeo cha tatu cha uwiano huo ataona kwamba kwa nguvu zilezile mwendo huongezeka karibu asilimia 4, msuguano wa tairi ukiwekwa kando. Katika mbio za mita 4,000 zinazokwisha kwa dakika 6, hizo ni sekunde 14 hivi. Ubingwa huamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alitoka Ulaya akaenda jiji la Mexico, lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, akaendesha kilometa 49.431 kwa saa moja. Rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1984, Francesco Moser wa Italia alipoivunja katika jiji lilelile.

Hewa nyepesi, hata hivyo, ina oksijeni pungufu, na misuli hulipa deni hilo. Kwa mwinuko wa Mwanza deni ni dogo, hasa kwa aliyekulia kando ya ziwa. Timu ya taifa ikichaguliwa kwa muda uliopimwa katika miji hii miwili, bila kuandika kanieneo ya hewa na halijoto ya siku ile, kijana wa pwani ataonewa.

Uwanja wenyewe ni shauri jingine. Baiskeli inayopinda lazima iinamie ndani, na kadiri kona inavyobana na mwendo unavyokua ndivyo mwinamo unavyozidi; kwa sababu hiyo viwanja vya kimataifa vya mita 250 vina kona zilizoinuliwa zaidi ya nyuzi 40. Katika uwanja wa riadha, wenye kona za nusukipenyo cha mita 36.5, mwendo wa kilometa 40 kwa saa hudai mwinamo wa nyuzi 19, na wa kilometa 54 hudai nyuzi 32. Changarawe haivumilii mwinamo huo wa pili, tairi huteleza. Tena baiskeli za uwanjani hazina breki, na pedeli zake hazisimami gurudumu linapozunguka.

Uwanja wa shule wenye nyasi fupi unafaa kwa kilometa 25 kwa saa, ambazo mwinamo wake ni nyuzi 8 tu. Mwanafunzi aliyesimama nje ya kona, akimtazama mwendeshaji anayemjia kupitia timazi na kipimapembe, anaweza kuupima mwenyewe.